Kokwa za zambarau na mgonjwa wa sukari: ninavyoshauri

Msimu wa zambarau ukianza, swali ni lilelile kwa ndugu na majirani: eti kokwa zake zinatibu sukari? Kisukari haziponyi, na mwenye vidonge asiviache. Hata hivyo, nyumbani kwetu sijazipiga marufuku, na wanaotaka kuzitumia nina mengi ya kuwaambia.

Mama yangu anaishi na kisukari. Habari za kokwa alizipata kwa jirani yetu hapa Tanga, mama mtu mzima wa Kigujarati ambaye kwao unga wa kokwa za zambarau haukosi kabatini. Mzambarau asili yake ni Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki, na ni wa ukoo mmoja na mkarafuu na mpera. Waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, huhesabu ladha sita, na ukakasi ni mojawapo. Wanasema ndio unaokaza na kukausha, kwa hiyo magome ya mzambarau huchemshwa kwa ajili ya tumbo la kuhara na kusukutua fizi zinazovuja damu. Kokwa ndizo walizozitenga kwa ajili ya mkojo wenye sukari.

Ukitaka unga huo, tengeneza mwenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya mji huo. Dawa 14 zilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Tangu nijue hilo, kopo lisilo na maelezo ya limetoka wapi haliingii jikoni kwangu, hata muuzaji aape vipi.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu. Mkisha kula zambarau, kusanyeni kokwa siku hiyohiyo, maana nyama ikibaki juu yake huoza na kuvuta nzi. Zisugue kwenye maji mpaka utelezi uishe, kisha zianike juani kwenye ungo. Zikikauka vizuri utaona ganda jembamba la nje linapasuka na kubanduka kwa kucha. Ndani mna kiini cha kijanikijani ambacho ukikibana kwa vidole kinagawanyika vipande viwili. Viini hivyo ndivyo vya kuanika tena, na safari hii usivionee huruma, viache mpaka vilie kama kokoto ukivitikisa. Vikiwa na unyevu vitaota ukungu ndani ya chupa. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mama hutumia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya uvuguvugu, baada ya kula. Ni unga mchungu wenye ukakasi unaobaki ulimini muda mrefu.

Kuhusu majani, wapo wanaochemsha chai yake wakidhani nguvu ni ileile. Watafiti wa Porto Alegre, Brazili, waliwapa wagonjwa wa kisukari chai ya majani ya mzambarau, wakawalinganisha na waliopewa kidonge cha kushusha sukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Kwa kokwa, majaribio mengi yaliyoleta matumaini yamefanywa kwa panya. Panya si mama yako. Ndiyo maana nasisitiza: mwambie daktari au muuguzi wa kliniki kwamba mgonjwa anatumia unga huu, hata kama unaona haya. Mama alimwambia wake, akaambiwa apime sukari mara nyingi zaidi na aandike kwenye daftari.

Mashine ya kupimia sukari iwepo nyumbani kabla ya unga. Kama mgonjwa anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ni jasho la ghafla, mikono kutetemeka, njaa kali, maneno kuvurugika. Hapo mpe maji ya sukari au soda ya kawaida upesi, mradi anaweza kumeza, kisha mpime. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Mjamzito asiutumie kabisa, na anayesubiri upasuaji amweleze daktari mapema ili aache.

Tunda lenyewe ni la kufurahia. Chagua zilizoiva mpaka kuwa nyeusi, zisizobaki na wekundu, uzitikise kwenye bakuli lenye kifuniko pamoja na chumvi kidogo na pilipili. Mgonjwa wa sukari naye ale, kwa kiasi, asile kapu zima kwa kuwa kasikia ni dawa. Ni tunda lenye sukari kama matunda mengine.

Na watoto wasipande. Tawi la mzambarau linaweza kuonekana nene na imara kumbe linakatika ghafla bila kulia. Tandika turubai chini, tikisa kwa upondo mrefu.

Mwenye kiwanja na apande wake. Kokwa ya kupanda isianikwe, ifukiwe ikiwa mbichi, kwani ikikaa wiki chache tu haioti. Mti huu hurefuka mno na matunda yake hutia doa kila kitu, kwa hiyo uwe mbali na nyumba, mbali na kamba ya nguo na pale mnapoegesha gari.