Nywele za mbele na vidonge vipya

Dada wa Ngamiani, umeuliza kama vidonge vipya vitakurudishia nywele za mbele. Vinavyosemwa sana ni barisitinibu, iliyoruhusiwa Marekani 2022, na ritlesitinibu, 2023. Ruhusa hizo ni za kutibu alopesia areata, ule upara wa mabaka unaotokea kinga ya mwili ikishambulia mashina ya nywele. Wewe unasema una vipele kando ya paji, na ukisuka rasta usiku wa kwanza hulali kwa maumivu. Hapo naona ni msuko unavuta. Vidonge hivyo havikuhusu, na bei yake usiulize!

Mwambie msusi alegeze, zile fupi za mbele aziache kabisa, na usisuke juu ya nywele ulizotoka kuzitia dawa ya kulainisha. Minoksidili ya kupaka, dawa ya kuotesha nywele, inaweza kusaidia kama shina bado liko hai, lakini ipe miezi. Watafiti sasa wanaichunguza sana ya kumeza kwa dozi ndogo. Hiyo usijinunulie dukani, asili yake ni dawa ya presha. Kama una mimba, minoksidili iache, ya kupaka na ya kumeza.

Ngozi ikishakuwa laini, inang'aa, vitundu vya nywele havionekani, anzia hospitali ya Bombo hapo Tanga uulizie daktari wa ngozi.