Sampuli ninazo, mashine sina: niombe fedha za nini?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fizikia hapa Mbeya. Natengeneza tando nyembamba za oksidi ya zinki kwa ajili ya seli za sola, ila mashine ya eksirei ya kupimia fuwele zake hatuna. Nimempata mtafiti wa Ulaya aliye tayari kushirikiana nami. Kwenye andiko la kuomba fedha, niombe mashine au safari?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Omba safari. Mashine usiiombe kama hujaiombea fundi na vipuri.

Nasema hivi kwa sababu ya ringi moja ya mpira. Mfadhili alituletea mtambo wa kupakia tando kwenye vioo, mpya, bado una nailoni yake. Mwaka wa pili ringi ya pampu ikakatika, kitu cha kuenea kiganjani. Andiko letu lilikuwa na fungu la kununulia mtambo, la vipuri hata shilingi. Pampu isipovuta hewa ya ndani ya mtambo hadi ikaribie kuisha, utando haushiki. Wanafunzi wangu wawili wa uzamili walingoja miezi saba. Mmoja akabadili mada ya tasnifu. Inaniuma mpaka leo.

Mimi nimelelewa na Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, iliyoanza 1961. Wao hawakuwa wakimpa fedha mtu mmoja mmoja. Walilishika kundi zima la utafiti na kukaa nalo miaka mingi, na mwanafunzi alikwenda kupima kisha akarudi nchini kwake. Nilisafiri na vioo arobaini vyenye tando zangu, kila kimoja nimekifunga karatasi laini, vyote ndani ya kopo la biskuti nililolipakata njia nzima. Kilele cha kwanza cha grafu ya eksirei kilipochomoza kwenye skrini, penye pembe ya nyuzi 34 na ushei, pale pale panapotakiwa kwa oksidi ya zinki, nilitoka nje kwenye theluji nikampigia mama simu.

Uppsala hao hao wameusaidia mtandao wa MSSEESA, unaowaunganisha watafiti wa maada na nishati ya jua wa Mashariki na Kusini mwa Afrika. Waulize mapema. Huenda eksirei unayoifuata Ulaya iko nchi jirani, safari ya basi.

Pia kuna kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964. Mpango wao wa watafiti washirika unakuruhusu kwenda mara kadhaa kwa miaka kadhaa, huku kazi yako ya Mbeya ukiendelea nayo. Kama watakukubali, hapo ndipo ningeanzia.

Huyo mwenzako wa Ulaya mwandikie, akujibu kwa maandishi: nani atatangulia jina kwenye makala itakayotoka kwenye sampuli zako, na fedha zitapitia akaunti ya chuo kipi? Usione haya kuuliza. Tando ni zako, umezipika wewe.

Kisha nitumie rasimu. Anza na ukurasa wa bajeti.