"Kwa majina naitwa Onesmo": jina linafaa, utangulizi haufai

SWALI: "Kwa majina naitwa Onesmo, mkazi wa Morogoro. Mwalimu, naomba kujua asili ya jina langu. Niliambiwa ni la Kigiriki, lakini jamaa yangu aliyesoma Athens anasema hakukutana huko na Onesmo hata mmoja, wakati hapa mtaani kwetu tuko watatu. Je, kweli ni la Kigiriki? Na lipi sahihi: Onesmo, Onesimo au Onesmus?"

JIBU: Ndugu Onesmo, jina lako ni la Kigiriki kabisa, na nitakueleza njia lililopita. Ila siwezi kuruka pale ulipoanzia. "Kwa majina naitwa." Maneno haya yananiudhi kwa muda mrefu sasa, na kwa kuwa umeyaleta mwenyewe mlangoni, tuyamalize leo.

Nenda kwenye kikao chochote cha kamati ya harusi. Mwenyekiti anasema, "Jamani, tujitambulishe." Wa kwanza anasimama, anavuta shati, anakohoa kidogo: "Kwa majina naitwa Joseph, rafiki wa bwana harusi." Jirani yake alikuwa tayari na "Naitwa Neema" mdomoni, lakini akishamsikia Joseph anaona lake ni jepesi mno. Naye anasimama: "Mimi pia kwa majina naitwa Neema." Likishapita kwa hao wawili, limepita kwa wote. Hata mzee wa mwisho kwenye safu, aliyekulia nyakati ambazo watu walisema "jina langu fulani" wakakaa, naye analibeba. Ukitoka hapo ukawasha redio, msikilizaji anapiga simu: "Kwa majina naitwa..." Na mtangazaji, badala ya kumpokea kwa Kiswahili kilichonyooka, anamrudishia: "Karibu sana, kwa majina unaitwa nani tena?"

Tuyafungue maneno yenyewe. Kitenzi "naitwa" kimekwisha kubeba kila kitu. Mtu haitwi kwa fimbo wala kwa kengele. Anaitwa kwa jina. Ukisema "naitwa Onesmo", msikilizaji anajua kwamba Onesmo ni jina. Hakuna aliyewahi kusikia "naitwa Onesmo" akadhani ni cheo au ugonjwa. Basi "kwa majina" inafanya kazi gani pale mbele?

Wapo watakaonijibu kwamba Kiswahili kinapenda kukazia, na kwamba husema "nimeona kwa macho yangu" ilhali hakuna anayeona kwa masikio. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na haisimami. Anayesema "nimeona kwa macho yangu" anaongeza jambo: sikuhadithiwa, nilikuwepo. Macho yale ni ushahidi. Anayesema "kwa majina naitwa" haongezi chochote, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayedai kwamba yeye anaitwa kwa njia nyingine.

Wala sisemi kwamba "kwa jina" ni kosa kila mahali. "Namjua kwa jina tu, sura sijapata kuiona" ni Kiswahili safi, maana jina linapambanishwa na sura. "Kwa jina ni Onesmo, kwa kazi ni seremala" nayo inakubalika: jina upande huu, kazi upande ule. "Maarufu kwa jina la" fulani, haina tatizo. Naona hata kosa lenyewe limezaliwa hapo. Watu walisikia "kwa jina... kwa kazi... kwa kabila...", wakakata kipande cha kwanza, wakakibandika mbele ya "naitwa", na viungo vilivyokipa maana wakaviacha nyuma.

Halafu wingi huo. "Majina" mangapi, ndugu Onesmo? Umenitajia moja. Najua wingi huu umetoka wapi: umetoka kwenye fomu. Shuleni, benki, hospitalini, kila karatasi inadai "majina matatu" au "majina kamili". Mtu anayetaja la kwake, la baba na la babu ana haki ya kusema "majina yangu ni", nami simgusi. Lakini wingi ukitumika kwa jina moja unakuwa vazi la kuazima. Watu wanadhani wingi unaleta heshima, kwamba "jina" ni la mtoto na "majina" ni ya mtu mzima. Heshima ya Kiswahili haikai hapo. Inakaa kwenye shikamoo, kwenye kumtaja mtu kwa Bibi, Bwana, Mzee, Mama Fulani, kwenye kuomba radhi kabla ya kumkatiza mwenzako.

Na yupo ndugu wa kosa hili aliye mbaya zaidi: "Jina langu naitwa." Huyu ameanza sentensi moja akamalizia nyingine. Kiima ni "jina", kitenzi kina nafsi ya kwanza. Nani anaitwa hapo, mimi au jina? Jina haliitwi, mtu ndiye anayeitwa. Mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza "Unaitwa nani?" atakujibu "Asha" au "Naitwa Asha", na amemaliza. Watu wa pwani hata "ni" huiacha: "Jina langu Mwanaidi." Fungua Biblia kwenye habari za yule mtoza ushuru aliyepanda mti, utakuta "jina lake Zakayo". Maneno matatu, na mtu tayari umemjua.

Mama aliyesimamishwa ghafla mbele ya kipaza sauti, mikono ikimtetemeka, namsamehe. Kwake "kwa majina naitwa" ni mahali pa kukanyaga kabla ya kuvuka, na woga una haki zake. Siwasamehi watangazaji, walimu na washereheshaji, ambao lugha ndiyo inayowalipa mshahara.

Sasa jina lako. Asili yake ni Onesimos, kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kale chenye maana ya kufaa, kusaidia, kumletea mtu faida. Onesimos ni "mwenye kufaa". Lilikuwepo zamani kabla ya Ukristo: Athens, karibu mwaka 500 KK, alikuwepo mchoraji wa vikombe vya udongo aliyeitwa hivyo, na kikombe chenye sahihi yake kiko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Lakini zaidi lilikuwa jina la watumwa. Bwana alimpa mtumwa jina linalotaja anachokitarajia kutoka kwake.

Ndivyo lilivyoingia katika Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ule wenye sura moja na aya 25 tu. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, akatengana na bwana wake, akakutana na Paulo akiwa kifungoni. Paulo anamrudisha na barua mkononi, na katika aya ya 11 analichezea jina lake: huyu zamani hakukufaa, sasa anakufaa wewe na mimi pia. Katika aya ya 20 anatumia kitenzi chenye mzizi uleule wa jina Onesimo, akimwambia Filemoni: nami nipate faida kwako. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na bahati kwamba tunalo neno "kufaa", kwa hiyo mpambano ule wa kutofaa na kufaa ukabaki. Kwa hiyo, ndugu yangu, jina lenye maana ya kufaa umelitangulizia maneno yasiyofaa, na hilo ndilo lililonifanya nisikuache.

Tangu barua ile, jina hili limewafuata watumwa. Mwaka 1706, Boston, waumini walimzawadia mhubiri Cotton Mather mtumwa Mwafrika, naye akamwita Onesimus. Mtu huyu ndiye aliyemweleza Mather jinsi kwao watu walivyochanjwa kwa usaha wa ndui ili wasiugue vikali. Ndui ilipoushambulia mji mwaka 1721, Mather alihimiza njia hiyo, na daktari Zabdiel Boylston akaitumia. Karibu zaidi na kwetu, mtoto wa Kioromo kutoka Ethiopia aliyeitwa Hika alitekwa akauzwa, akakombolewa kwenye bandari ya Massawa, na mwaka 1872 akabatizwa na wamisionari wa Kiswidi kwa jina Onesimos. Huyo ni Onesimos Nesib, aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kioromo pamoja na Aster Ganno, ikachapishwa mwaka 1899. Ukimtafuta mtu aliyelitendea haki jina lako, anza na huyo.

Jamaa yako wa Athens hakukosea. Kanisa la Kiorthodoksi linamkumbuka Mtakatifu Onesimo tarehe 15 Februari, lakini wanaoitwa hivyo Ugiriki ni wachache mno. Wagiriki wana desturi ya kumpa mtoto jina la babu au bibi, hivyo kina Giorgos, Dimitris na Maria wanarudi kizazi baada ya kizazi, na jina lisilokuwemo katika ukoo hukosa mlango. Urusi liligeuka Anisim, na kutoka hapo likapatikana jina la ukoo Anisimov. Mcheza tenisi Amanda Anisimova analibeba, pengine bila kufikiria Filemoni. Kwetu lilikuja na ubatizo. Mzazi alichagua jina kutoka Agano Jipya bila kufungwa na majina ya babu wa Kigiriki, na likishapata mwenyewe kijijini, watoto wengine wakapewa kwa heshima ya huyo.

Kuhusu tahajia: Onesimo ndiyo iliyomo kwenye Biblia ya Kiswahili, na ukinukuu waraka uandike hivyo. Onesmo ni umbo lililofinyangwa na midomo yetu. Kwa Kigiriki na kwa Kilatini mkazo uko kwenye silabi ya "ne", ya tatu kutoka mwisho, na Kiswahili hukaza ya pili kutoka mwisho. Naona waliotaka kuuacha mkazo ulipokuwa waliiangusha ile "i", na "nes" ikajikuta mahali pake pa Kiswahili. Ni kazi nzuri ya lugha, wala usiionee haya. Onesmus, inayopendwa Kenya, imefanya vivyo hivyo ila ikabaki na mkia wa Kilatini. Zote tatu ni halali. Kama cheti chako cha kuzaliwa kinasema Onesmo, baki nacho, na usikubali karani yeyote akurudishie "i" ambayo wazazi wako hawakuiandika.