Video za Harusi Kati ya Windows na Ubuntu: Acheni Kuzungusha Fleshi

Mpiga video mmoja wa Makambako ameuliza kwa nini faili ya GB 12 inagoma kuingia kwenye fleshi ya GB 32 ambayo ni tupu. Anapakua kamera akiwa Windows, anahariri akiwa Ubuntu, kompyuta ni ileile moja yenye mifumo yote miwili.

Fleshi si mbovu. Nyingi za ukubwa huo hutoka dukani zikiwa na mfumo wa faili (namna ya kupanga data) uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Ukiifomati upya kuwa exFAT itapokea, ila piga hesabu: kwa MB 10 kwa sekunde, GB 12 zinakula dakika 20 hivi kuingia, bado hujazitoa upande wa pili. Na safari yote hiyo data haijatoka nje ya kompyuta!

Tengeneza patisheni (sehemu ya diski) ya pamoja. Windows yenyewe haisomi ext4, mfumo wa faili wa Ubuntu, lakini Ubuntu inasoma na kuandika NTFS ya Windows, kwa hiyo kazi zikae NTFS. Weka kwanza nakala ya vitu vya muhimu kwenye diski ya nje. Kisha ndani ya Windows fungua diskmgmt.msc, bofya kulia patisheni yenye nafasi, chagua Shrink Volume. Kipimo ni MB, hivyo GB 200 ni 204800. Nafasi iliyopatikana ifomati NTFS. Patisheni zisizo na herufi (kama C: au D:) usiziguse hata kidogo, Ubuntu yako imo humo.

Kuna watakaosema exFAT inatosha. Haina jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa kwenye diski), na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mpangilio wa faili huvurugika kirahisi. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, Makambako, msimu wa mvua? Hapana.

Wengi hukwamia hapa. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down Windows haizimi kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka, na patisheni zinabaki kama bado zinatumika. Ubuntu ikizikuta hivyo huzifungua kwa kusoma tu, au hukataa. Usilazimishe, kulazimisha ndiko kunakoharibu video za watu. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima upya. Itachelewa kidogo kuwaka, na Hibernate itaondoka. Ikigoma bado, endesha chkdsk /f kwenye patisheni hiyo.

Upande wa Ubuntu, sudo blkid itakupa UUID, namba ya utambulisho ya patisheni. Tengeneza folda /mnt/kazi, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili inayoiambia Ubuntu patisheni za kufungua ikiwaka:

UUID=namba_yako /mnt/kazi ntfs-3g uid=1000,gid=1000,windows_names,nofail 0 0

windows_names huzuia majina kama "Kwaya 10:30", maana Windows haikubali nukta pacha. nofail huiacha Ubuntu iwake hata patisheni ikikosekana. Malizia na sudo mount -a.

Video za zamani zihamishe hivi:

rsync -ah --partial --progress ~/Videos/ /mnt/kazi/Videos/

Na ile tabia ya "cut" iacheni, vijana wa studio. Kati ya patisheni mbili, "cut" ni kukopi halafu kufuta, na anayefuta si wewe uliyehakiki. Endesha sha256sum, inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu kutokana na yaliyomo kwenye faili, kwenye faili ya awali na kwenye nakala. Upande wa Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi zikifanana zote, futa ya awali.