Saa ya ukumbini kuchelewa dakika 10 kila saa

Mwalimu, saa yenu hapo Mikindani kuchelewa dakika 10 kila saa tangu ibadilishwe mota si kosa la mishale. Soma kibandiko cha hiyo mota, lazima kimeandikwa hezi 60 (yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde), ya Marekani. Mota hizi hufuata mapigo ya umeme, na wetu ni hezi 50, basi kila dakika 60 yenyewe inatembea 50. Transfoma mliyoweka inapunguza volti tu, hezi haizigusi. Tafuteni ya volti 230, hezi 50. Mishale ya bati iliyoliwa na chumvi ya bahari tupeni, wekeni ya alumini, ni myepesi. Pangeni yote kwenye 12 kamili ndipo mkaze, isigusane. Na umeme zimeni kwanza, tafadhali sana!