Ratiba ya CompTIA A+ kwa mtu anayefunga duka saa moja jioni

Dadangu, umeuliza ugawe vipi miezi mitatu ili umalize karatasi zote mbili za mtihani wa A+, cheti cha ufundi wa kompyuta kinachotolewa na CompTIA, na huku unashinda kwenye duka la M-Pesa pale Kondele hadi saa moja jioni. Mwenzetu aliyekujibu kwanza anasema usome masaa manne kila usiku. Omera, wewe uliyejibu, umewahi kuhesabu pesa za watu kutwa nzima? Masaa hayo manne dada atayamaliza amelalia kitabu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisumu, na karatasi hizo nilizifanya nikiwa kazini. Ningekuwa wewe ningetenga lisaa limoja alfajiri, kichwa kikiwa bado chepesi, Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni ni ya video tu, za Professor Messer, mwalimu wa A+ wa mtandaoni, ni za bure. Jumamosi pumzika. Jumapili alasiri yote iwe ya vitendo, na hapo usimpe mtu nafasi.

Kabla ya hayo, angalia toleo. Karatasi za zamani, 220-1101 na 220-1102, zilifungwa Septemba 2025, sasa mtihani ni 220-1201 na 220-1202. Vitabu vya mtumba na faili zinazozungushwa WhatsApp nyingi bado ni za zamani. Kwenye tovuti ya CompTIA kuna orodha ya mada, ni ya bure. Ipakue, uichapishe, ubandike ukutani.

Orodha hiyo ndiyo itakayokupangia ratiba, kwa sababu kila mada imewekewa uzito wake. Karatasi ya kwanza: kutafuta hitilafu za vifaa na mtandao asilimia 28, vifaa vyenyewe 25, mitandao 23, simu na laptopu 13, na kompyuta pepe (inayoendeshwa ndani ya nyingine) pamoja na wingu (huduma za kompyuta kupitia intaneti) 11. Ratiba nyingi ninazoonyeshwa humpa kila mtoto kipande sawa, wiki moja moja. Halafu mtu anaenda anajua wingu kama sala na hajui kwa nini mashine haiwaki.

Kutafuta hitilafu usikuweke mwishoni kama sura ya peke yake. Kila mada unayosoma, siku hiyo hiyo jiulize inaharibika vipi. Chukua printa ya leza. Kitabu kitakupa hatua saba, kuanzia kuchakata ukurasa hadi kusafisha dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa), na utazikariri usahau. Sasa mteja analeta karatasi, maandishi yametoka safi, lakini ukipitisha kidole yanapanguka na wino unabaki kidoleni. Unga wa tona umefika mahali pake ila haujayeyushwa ukashika, kwa hiyo fyuza, sehemu inayoyeyusha tona kwa joto, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukiona kivuli cha picha kikijirudia chini ya ukurasa, shuku dramu haikusafishwa vizuri. Ukishaona hivyo mara moja, hatua zile hazitoki tena.

Mitandao nayo ni hivyo hivyo. Mashine ikijipa anwani inayoanza na 169.254, jua haikuipata DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, basi anza na waya na ruta, Windows iache kwanza. Namba za poti, yaani milango ya huduma za mtandao, hazina ujanja wowote: 22, 53, 443, 3389 na wenzake, ziandike kwenye kikaratasi, ukae nacho kaunta wateja wakipungua.

Kwa vitendo, tafuta fundi akuruhusu ufungue mashine mbovu Jumapili. Wengi watakubali ukiwasaidia kupanguza vumbi. Toa ramu (kumbukumbu ya mashine), rudisha, badilisha diski, sikiliza milio mashine ikiwashwa.

Karatasi zote kwa miezi mitatu inawezekana, ila usizichanganye. Ipe ya kwanza karibu miezi miwili, uifanye, ndipo uhamie ya pili: mifumo endeshi asilimia 28, usalama 28, hitilafu za programu 23, taratibu za kazi 21. Hiyo wengi huiona nyepesi kwa sababu Windows wanaitumia kila siku. Mimi sikubaliani, lakini ndiyo inayosomeka vizuri bila bisibisi mkononi. Ukiona muda unakubana, sogeza ya pili. Kila karatasi ina vocha yake ya malipo ya mtihani, na ukianguka unalipa upya, kwa hiyo usinunue zote siku moja kwa furaha.

Wiki ya mwisho ni majaribio ya kupimwa muda. Una dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Maswali ya vitendo mara nyingi huja mwanzoni na hula muda, yaruke, utayarudia. Kupita ni 675 karatasi ya kwanza na 700 ya pili, kwa kipimo cha 100 hadi 900, kwa hiyo usizisome kama asilimia. Na wanaokuuzia "maswali halisi" ya mtihani waambie asante: CompTIA wakikugundua, cheti kinafutwa.

Kufanyia nyumbani kunaruhusiwa, lakini wanataka chumba uwe peke yako na intaneti isiyoyumba. Kwa stima ya huku kwetu, hasa mvua ikinyesha, mimi ningepanda gari hadi kituo cha Pearson VUE, wanaosimamia mtihani huu. Weka nauli hiyo kwenye bajeti mapema.