Picha ya Mtu Ameshika Kalamu Haithibitishi Saini Uliyonayo Wewe

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Chake Chake aliniletea ujumbe. "Assalaam alaykum kaka. Nimeletewa santuri ya Queen ina saini ya Freddie Mercury, na picha yake akisaini ipo. Anataka laki tisa. Nichukue?" Akaambatisha picha mbili. Ya kwanza ni ganda la santuri lenye saini ya rangi ya fedha. Ya pili ni Freddie, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza na mzaliwa wa hapa Unguja, ameinamia meza, kalamu mkononi, nywele zimemfika mabegani.

Nilipofika pale pa "picha yake akisaini ipo", roho iliniuma. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021, na nikamrudia nayo kila aliyeingia sebuleni kwangu.

Sisi tunaokusanya vitu hivi tunajuana. Tunachotaka ni kushika kitu kilichoguswa na mkono wa mtu tunayempenda. Mimi mtu wangu ni Mbwana Samatta. Alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Februari, mechi yake ya kwanza ya ligi, akaifunga Bournemouth kwa kichwa. Villa walipoteza 2-1, lakini barazani kwetu Mwanakwerekwe siku ile hapakuwa na mtu aliyehuzunika. Watu wazima walikumbatiana. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Basi mwaka mmoja baadaye kijana mmoja akanifuata. Ana jezi ya Villa, anasema, imesainiwa na Samatta mwenyewe, binamu yake anayeishi Birmingham ndiye aliyepanga foleni. Nikamwambia sitoi hata senti bila ushahidi. Akanirushia picha kwa WhatsApp: Samatta anacheka, ameinama, makapeni nyeusi, ile kalamu ya wino mzito, mkononi, mbele yake jezi ya rangi ya damu ya mzee. Nikatoa shilingi 380,000 siku ile ile. Nikampelekea seremala akaitia kwenye fremu ya mninga yenye kioo, na ile picha nikaichapisha nikaibandika pembeni. Majirani walikuja kupiga picha nayo. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, aliomba ashushiwe fremu akipapase kioo chake.

Sikukuu ya Idi, mtoto wa dada yangu akasimama mbele ya fremu kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, "Mjomba, mbona kwenye picha pana W88 na kwenye jezi pana Cazoo?"

Nikasogea. Chini ya kiwiko cha Samatta, pale kitambaa kilipojikunja, zilikuwa zinaonekana nane mbili nyeupe. W88 walikuwa wadhamini wa Villa msimu wa 2019/20, msimu aliocheza yeye. Cazoo walikuja msimu uliofuata, na Septemba 2020 Samatta akenda zake Fenerbahçe. Jezi iliyosainiwa kwenye picha na jezi iliyokuwa ukutani kwangu zilikuwa jezi mbili tofauti. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia, na mara zote mia nilitazama uso wake.

Nilipompigia yule kijana, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Alisaini zote mbili, picha ikapigwa moja." Kisha akanifungia namba. Jibu lile limenikaa hadi leo, kwa sababu ndani yake mna somo lote. Hata tukichukua kwamba picha ni ya kweli na Samatta ni wa kweli, inachoonyesha ni kwamba siku moja alisaini jezi fulani. Ile ya kwako haimo.

Kwa hiyo jifunzeni kuuacha uso. Tazama kitu kinachosainiwa. Ikiwa ni jezi, tafuta mshono, nembo, namba, mdhamini, halafu angalia herufi ya kwanza ya saini imeanzia wapi na mkia wa mwisho umekata wapi. Ikiwa kwenye picha mkia unapita juu ya nembo, na kwako unapita chini yake, mambo yamekwisha hapo. Mkono wa binadamu hauandiki saini mara mbili pahala pale pale kwa namna ile ile. Na ikiwa picha imekatwa kiasi kwamba kitu chenyewe hakionekani, usijisemee kwamba pengine ni hicho hicho. Mwenye ushahidi angekuonyesha.

Tazama na wino. Kwenye kitambaa makapeni husambaa kidogo pembeni, kwenye ganda la santuri linalong'aa hukaa juu na kuweza kufutika ukisugua. Kalamu ya kwenye picha na rangi ya saini yako lazima zikubaliane.

Usiridhike na picha ya WhatsApp pia. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na taarifa za lini ilipigwa na kwa kamera gani hupotea. Mwambie akutumie ile ya asili kama faili. Hata tarehe huweza kubadilishwa, najua, lakini mwongo mara nyingi hana faili ya asili kabisa, ana skrini shoti tu. Itafute kwenye Google Lens, utashangaa mara ngapi picha ya "binamu" imo kwenye tovuti ya gazeti. Siku hizi kompyuta inatengeneza hata picha nzima ya mtu akisaini kitu ambacho hakukigusa katika maisha yake.

Jamani, watu hawa hawana haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, FBI waliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya waghushi wa saini, na miongoni mwa vitu vilivyonaswa ulikuwamo mpira wa besiboli wenye saini ya Mother Teresa. Kama hilo lilipata kutengenezwa, jezi yangu ni nini?

Mimi sasa nina kanda moja tu ya taarabu ninayoiamini kwa moyo wote. Msanii aliisaini mbele yangu baada ya hafla, na mwanangu alishika simu tangu kalamu ilipogusa karatasi ya kanda hadi ilipoinuka, bila kukata. Kwenye video utaona alivyosita katikati ya jina, wino ukaacha nukta nzito. Nukta ile iko kwenye kanda, pale pale, na kila nikiitazama nafurahi upya. Ndiyo maana nasema na nitaendelea kusema: mkipata nafasi, chukueni video, na muonyeshe kitu kabla na baada.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Chake. Santuri yake ni The Works, ya mwaka 1984. Freddie wa nywele za mabegani, bila masharubu, ni Freddie wa miaka ya 1970. Masharubu aliyafuga mwaka 1980. Picha ile imeitangulia santuri kwa miaka. Na wapo Shangani wanaowaambia wageni kwamba Freddie alisaini kitu fulani "alipokuwa anaishi hapa". Familia yake iliondoka Unguja mwaka 1964, na wakati huo yeye alikuwa Farrokh Bulsara. Jina la Mercury alijipa miaka kadhaa baadaye, yuko Uingereza. Sisi wa hapa ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nilimwandikia yote haya, naye akamfikishia muuzaji. Leo asubuhi kaletewa picha nyengine. Safari hii Freddie ana masharubu. Ganda limegeuzwa mgongo kwa kamera, na kalamu aliyoishika ni nyeusi.